KUPANDA MLIMA WA MOTO NA KURUDI SALAMA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Jiografia

Muhula uliopita, katika mkutano wa Chama cha Jiografia, mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alisimama akauliza: "Je, watu waweza kuteleza juu ya theluji katika mlima unaotoa moto?" Darasa zima lilicheka. Mimi nami nilicheka sana, maana nilidhani moto na theluji ni kama paka na panya, haviwezi kukaa nyumba moja. Mwalimu wetu hakucheka. Alisema, "Aliyecheka kuliko wote ndiye atakayekwenda kutafuta jibu." Macho yote yakanigeukia mimi. Tena akaniongezea kazi ya pili: kwa kuwa chama chetu kinataka kwenda kuona mlima wa volkano, niandike mpango wa safari hiyo, wazazi wausome kabla ya kutoa ruhusa.

Basi, wasomaji, haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nilijifunza kwamba si vyema kucheka upesi. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima Kilimanjaro akaandika kwamba juu yake pana theluji. Huko Ulaya wako wataalamu waliomkatalia, na mmoja wao alikuwa William Desborough Cooley. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini Wachaga, waliolima chini ya mlima ule na kunywa maji yake, waliuona weupe ule kila asubuhi bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Walioubisha walikuwa mbali, na waliouona walikuwa karibu.

Sababu yake si ngumu, na kila mwanafunzi aweza kuipiga hesabu. Mtu apandapo juu mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Chukua mahali katika uwanda wetu wa Ufipa penye kimo cha mita 1,700, na tuseme hapo pana joto la nyuzi 20. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, kina mita 5,895. Basi kiko juu kuliko sisi kwa mita 4,200 hivi. Zidisha 4.2 kwa 6.5, utapata 27. Toa 27 katika 20, utafika nyuzi 7 chini ya sifuri. Sisi hapa Laela mwezi wa Juni huvaa makoti na kukaa karibu na moto jikoni. Huko juu maji hugeuka jiwe.

Lakini je, moto ulio ndani ya mlima hauyeyushi theluji? Nilimwuliza mwalimu wa Fizikia. Alinijibu kwamba mwamba haupitishi joto upesi. Nyumbani tunafukia kaa la moto katika jivu jioni, ili tupate kuwasha asubuhi. Ukigusa jivu juu, ni baridi. Ukichokoa chini, kaa lingali jekundu. Mlima wa volkano ni vivyo hivyo. Moto uko chini sana, na juu yake pana mwamba mnene. Hivyo theluji huweza kulala juu, na moto ukalala chini, mpaka siku moto utakapoamka.

Sasa nieleze habari ya kuteleza. Katika nchi za baridi watu hufunga viatuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda juu kwa mbele. Mbao hizo huitwa skii. Mtu husimama juu yake akateremka mlima kwa kasi, akijishikiza kwa fimbo mbili. Sisi tulipokuwa wadogo tulikalia kipande cha dumu la plastiki tukateremka mteremko wa nyasi zenye umande, mpaka mama akatuona na matope ya kaptula. Jambo ni lile lile, ila wao husimama.

Nami nikaona ajabu kubwa: jambo hili limekwisha kufanyika katika nchi yetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni Kibo wakiwa na skii, na wakazitumia katika kushuka. Kipande kimoja cha barafu ya Kibo kilipewa jina la Furtwängler. Na Kibo ni volkano. Imelala usingizi mrefu, lakini haikufa. Ndani ya kreta yake iitwayo Reusch kuna matundu yatoayo mvuke wenye harufu ya kiberiti. Kwa hiyo yule mwenzetu wa kidato cha pili hakuuliza upuuzi, na mimi niliyecheka namwomba radhi hapa mbele ya wasomaji wote.

Je, sisi twaweza kufanya kama wale wa 1912? Jibu ni kwamba tumechelewa. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011, zilikuwa hazifiki 2. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya yamkini zitakuwa zimekwisha ifikapo mwaka 2050. Mimi mwaka huo nitakuwa mtu mzima mwenye watoto, na huenda nikawaonyesha theluji ya Kibo katika picha tu. Barafu iliyobaki ni ngumu, yenye kuta na nyufa, wala si uwanja wa kuteleza. Tena barafu ikiyeyuka huacha mawe iliyokuwa imeyashika. Mwezi wa Januari 2006 ulipoanza tu, siku chache baadaye mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia ile ikafungwa kwa muda.

Tunao pia mlima ambao moto wake haujalala, nao ni Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Urefu wake ni mita 2,962. Ulilipuka mwaka 1966, na tena mwaka 2007 hadi 2008. Ukitazamwa kwa mbali, mara nyingi kilele chake ni cheupe, na mgeni hudhani ni theluji. La, si theluji. Lava ya mlima huo haifanani na lava nyingine duniani. Ina magadi mengi, hutoka nyeusi kama oili ya gari, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka kuwa nyeupe. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, pungufu kuliko lava ya milima mingine, lakini latosha kumwangamiza mtu. Basi Tanzania imegawa mambo haya mawili: mlima wenye theluji umelala, na mlima ulio macho una weupe usio theluji.

Mahali ambapo watu huteleza kweli juu ya volkano iliyo macho ni nchi nyingine, kama vile New Zealand, katika mlima uitwao Ruapehu, wenye urefu wa mita 2,797. Juu ya mlima huo kuna ziwa ndani ya kreta, na pembeni kuna viwanja vya kuteleza. Nimeusoma mlima huu kuliko yote, kwa sababu watu wake wamefundishwa kwa machozi. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1953, ukingo wa ziwa lile ulibomoka. Maji, matope na mawe yakashuka mtoni yakavunja daraja la reli huko Tangiwai. Gari moshi lililojaa watu waliokuwa wakienda kula Krismasi likatumbukia, wakafa watu 151. Mlima haukulipuka usiku ule. Maji tu yalitosha.

Baada ya hayo walijifunza. Waliweka mitambo ya kupima ziwa na mto, na tarehe 18 Machi 2007 matope yaliposhuka tena, mitambo ilitoa habari mapema, barabara na reli zikafungwa, wala hakufa mtu hata mmoja. Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule ule mlima ulilipuka usiku kwa dakika chache tu bila kutoa dalili. Vijana wawili walikuwa wamelala katika kibanda karibu na kreta. Jiwe lilimwangukia mmoja, na baadaye mguu wake ukakatwa. Mwenziwe alishuka gizani katika baridi kwenda kutafuta msaada, na kwa hilo yule aliyeumia akapona. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga daftari kwanza nikakaa kimya. Sababu nitaieleza hapa chini.

Kutokana na habari hizi zote nimeandika mambo matano ambayo kila safari ya mlima wa moto haina budi kuwa nayo.

La kwanza, kuujua mlima kabla ya kuukanyaga. Ni lazima kuuliza: mlima huu ulilipuka lini, hutoa nini, na kuna habari gani za juma hili? Huko New Zealand hali ya mlima hutangazwa kwa namba, kutoka 0 hadi 5, na mtu huitazama kabla ya kutoka nyumbani. Kwetu sisi, watu wa kuuliza ni walinzi wa hifadhi, waongozaji, na wenyeji wa vijiji vya chini. Mwenyeji ajua ni chemchemi ipi imebadilika rangi na ni bonde lipi halilishwi ng'ombe.

La pili, kujua pa kukimbilia. Matope na maji hufuata mabonde. Kwa hiyo huko Ruapehu king'ora kikilia, watelezaji huamriwa watoke mabondeni wapande kwenye migongo ya mlima. Kuna na hatari isiyoonekana, nayo ni hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tuvutayo, kwa hiyo hutuama katika mashimo kama maji yatuamavyo. Karibu na Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, watu huiita mazuku, yaani upepo mbaya. Haina rangi wala harufu, na anayelala katika shimo lenye mazuku huenda asiamke. Mwaka 1986 hewa hiyo hiyo ilitoka katika Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Kanuni yake ni fupi: usilale wala usipumzike shimoni.

La tatu, mavazi na majira. Mlimani asubuhi ni jua, adhuhuri ni ukungu, alasiri ni mvua. Mtu aliyelowa hushikwa na baridi upesi hata pasipo theluji. Sweta moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki ni bora kuliko makoti matatu yaliyolowa.

La nne, mwili. Kileleni Kibo mtu akivuta pumzi hupata nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, huyumba kama mlevi, na asiposhuka aweza kufa. Madaktari hushauri kwamba mtu akipita mita 3,000, asipandishe kimo cha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazameni njia ya Marangu: kambi ya Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700, na Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000. Ndiyo maana wenye busara hulala Horombo siku mbili. Na waongozaji wasemapo "pole pole" hawafanyi mzaha na wageni. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa kimo ni kushuka, na nguvu za kijana hazimkingi nao.

La tano, saa ya kurudi. Hili ndilo nililijua kabla ya kusoma kitabu chochote, na nililijua kwa aibu.

Likizo ya mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulikwenda kwa shangazi yangu, karibu na ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda wa Ufipa unapokatika na kuangukia Bonde la Rukwa. Tuliazimu kushuka tukalione ziwa, turudi siku ile ile. Mimi nilikuwa mkubwa wao. Hatukumwaga shangazi. Tulichukua maji chupa mbili. Kushuka mlima hudanganya: miguu yenyewe yakwenda, na kila kona huonyesha kona nyingine. Mdogo wetu aliuliza, "Kaka, hatujafika pa kurudia?" Nikamjibu, "Bado kidogo." Aliuliza mara tatu, nami mara tatu nikajibu vile vile, kwa kuwa niliona haya kuwa wa kwanza kusema turudi. Ziwa hatukulifikia. Tulipogeuka, jua lilikuwa kali, maji yamekwisha, na njia yote ni ya kupanda. Mdogo wetu alianza kutapika, kisha akasema maneno yasiyoeleweka. Tukambeba kwa zamu. Giza lilitukuta njiani, na tungelala pale kama si akina mama waliokuwa wakipandisha samaki wakavu kwenda sokoni. Walitupa maji yao, wakamfunika yule mtoto khanga, na mmoja wao akaenda mbele kumwita mjomba. Alipona. Shangazi hakunipiga wala kunitukana. Aliniuliza neno moja: "Ungemwambia nini mama yake?" Mpaka leo sina jibu.

Kwa hiyo katika mpango wetu saa ya kurudi imeandikwa kabla ya kuondoka, tena itatajwa na mtu ambaye hapandi. Ikifika, wote wanageuka, hata kama kilele kiko umbali wa kurusha jiwe. Na yeyote, hata mdogo wa kidato cha kwanza, akisema "naumwa", safari ya kupanda imekwisha kwake na kwa mwenzi wake aliyepangwa naye. Hapana atakayeshuka peke yake, wala hapana atakayechekwa.

Sasa ni mlima gani? Kibo ni mbali, na gharama yake hatuiwezi. Lakini si lazima kwenda mbali. Bonde letu la Rukwa ni tawi la Bonde la Ufa. Ardhi yake ingali hai: tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya karne ile katika Afrika liliitikisa nchi hii ya Rukwa. Ukilifuata bonde hilo kuelekea kusini mashariki, utafika pale linapokutana na bonde la Ziwa Nyasa na lile la Usangu, na hapo ndipo iliposimama milima ya moto ya Rungwe, Ngozi na Kyejo. Kyejo ilitoa lava karibu mwaka 1800, yaani zama za babu wa babu zetu. Ufa ulio nyuma ya nyumba ya shangazi yangu ndio ule ule unaofika kwenye milima ile.

Tumechagua Ngozi, yenye kimo cha mita 2,600 hivi. Tutapita Tunduma hadi Mbeya, tutalala, na asubuhi tutafuata barabara ya Tukuyu mpaka Isongole, ambapo tutachukua mwongozaji. Njia hupita msituni hadi ukingo wa kreta, na chini yake kuna ziwa la kijani lililozungukwa na kuta. Tutatazama tukiwa ukingoni. Hatutashuka ziwani, kwa sababu kuta ni kali sana, na kwa sababu ya mazuku: katika milima ile hewa ya ukaa hutoka ardhini, hata karibu na Tukuyu huchimbwa na kuuzwa. Tutakwenda wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Kila mmoja atachukua maji lita mbili, chakula, sweta, na filimbi ya kuitia. Wenye pumu watamwambia mwalimu kabla. Orodha ya majina itabaki shuleni, nyingine kwa dereva. Saa ya kugeuka ni saa saba mchana.

Nilimpelekea baba mpango huu likizo iliyopita. Aliusoma polepole, kidole juu ya mstari, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na wewe ukiwa ndiye unayeumwa, nani atakayesema turudi?" Sikuwa nimelifikiria. Ndipo nikaongeza mstari wa mwisho: kila kikundi kitakuwa na kiongozi na msaidizi wake, na msaidizi ana haki ya kumgeuza kiongozi. Msaidizi wangu nimemchagua mwenyewe. Ni yule mwenzetu wa kidato cha pili aliyeuliza swali, kwa kuwa nimeona haogopi kusema jambo ambalo wengine watalicheka.

Baba alitia sahihi. Wazazi wengine wanaombwa kuleta zao kabla ya muhula kufungwa.